Sahani ya Kwanza

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Makambako, wakazi na wapita njia, kwamba afya ya mtu haijulikani kwa kumtazama. Mnene si lazima awe mzima, na aliyekonda si lazima awe mgonjwa. Kumhukumu mwananchi kwa umbo lake ni jambo la kizamani, lisilolingana na maendeleo ya sayansi, na wote wanaombwa waliache mara moja.

Ndivyo lilivyosema tangazo la Bwana Afya Yoeli la Februari 1993, lililopigwa taipu na kugongwa mhuri mara mbili, kwa kuwa mhuri wa kwanza ulikosa wino. Nakala moja ilibandikwa ofisini kwake. Nakala ya pili, ambayo pia ndiyo ilikuwa ya mwisho, ilibandikwa kwenye mgahawa wa Dorika, mama Elius, karibu na njia panda ya kwenda Songea.

Miaka miwili nyuma Dorika hakuhitaji kutangaziwa. Alikuwa tangazo lenyewe.

Mgahawa aliufungua mwaka 1986, biashara zilipoanza kuachiwa na barabara kuu ikajaa malori ya kwenda Zambia. Pamoja na mchele na sabuni, malori yalileta hofu. Kila dereva alikuwa na habari ya mwenzake aliyekula mahali fulani, akasinzia, akazinduka lori halina mzigo. Mahali penyewe hapakutajwa, kwa hiyo palikuwa popote. Madereva wakawa wanakula ndizi na mayai ya kuchemsha, vitu vyenye maganda.

Dorika alizaliwa kijijini upande wa Njombe, katika familia ya Kilutheri ambayo ulipofika msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, haikuwa ya Kilutheri sana. Kwao, anayemkaribisha mgeni kinywaji hunywa yeye kwanza, mgeni akiona, ndipo humpa. Mgeni huangalia koo la mwenyeji kama linashuka. Desturi hiyo Dorika aliitoa kwenye kikombe akaipeleka kwenye sahani. Kila siku saa sita na nusu, chakula kikiiva, alikaa kwenye kiti katikati ya mgahawa, akapakuliwa kutoka sufuria ileile ya wateja, sahani kamili, nyama, mchuzi na ukoko wa pilau juu, akala yote mbele ya watu. Akimaliza alijifuta mdomo kwa ncha ya kanga, akasema, "Karibuni."

Madereva walikaribia. Mgahawa haukuwa na kibao, lakini kuanzia Mbeya hadi Morogoro ulijulikana kama Kwa Mama Sahani ya Kwanza. Hassani, mtu wa Kondoa mwenye malori manne, aliwaambia madereva wake kwamba Makambako watakula hapo, na mahali pengine watakula kwa hatari yao wenyewe. Na mwili wa Dorika ulikuwa unanenepa kidogo kila mwaka, jambo ambalo wateja walilipokea kama nyongeza ya ushahidi. Chakula ambacho mtu amekula miaka mitano na kumfanya vile hakiwezi kuwa na kitu.

Juni 1991 vidole vya mguu wa kushoto vilikufa ganzi. Dorika akapanda basi hadi Njombe, akaonana na daktari kijana mwenye miwani.

"Mama, una sukari, una presha, na una kilo mia moja na kumi na mbili," alisema daktari. "Kwa siku unakula mara ngapi?"

"Mara moja, mbele ya watu."

"Na nyuma ya watu?"

Dorika akatazama dirishani.

Daktari alimweleza bila kuzunguka. Apungue taratibu, si kwa mwezi bali kwa miaka, au mguu ule utaondoka na jicho litafuata. Akamwandikia karatasi: sahani nusu, mboga kwanza, mafuta kijiko, chumvi kidogo, soda hapana. Dorika aliikunja karatasi akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani, mahali ambapo alijua ataiona kila Jumapili na siku nyingine hataiona. Njiani kurudi alipiga hesabu yake. Akila sahani ya kwanza, mguu utakwenda. Asipoila, mgahawa utakwenda. Kwa mwanamke anayepika amesimama, mguu na mgahawa ni kitu kimoja.

Akaamua kupunguza sahani kidogo kidogo, watu wasione.

Miezi ya kwanza hamu ilimtesa kwa jina. Hakutamani chakula tu. Alitamani ukoko, upande wa kushoto wa sufuria, pale moto unapozidi. Alianza kuosha sufuria mwenyewe, kazi ambayo tangu mgahawa ufunguliwe ilikuwa ya Fidelia, msaidizi wake wa jikoni. Siku moja Fidelia aliingia akamkuta bosi wake ameingiza kichwa ndani ya sufuria hadi mabegani.

"Mama, umepoteza kitu?"

"Nanusa kama imetakata."

Fidelia alirudi kwenye vyombo vyake. Ila kuanzia siku hiyo alikuwa anamwangalia.

Ilikuwapo pia hamu ya chapati. Hiyo ilimjia saa nne kamili asubuhi, kila siku, hata akiwa ameshiba uji. Ilimchukua nusu mwaka kugundua kwamba haikuwa inatoka tumboni. Ilikuwa inatoka kwenye honi ya basi la Dar es Salaam. Siku ambayo basi liliharibikia Mafinga, saa nne ilipita na Dorika hakutamani kitu. Chapati akaikumbuka saa nane, basi lilipowasili.

Kisha ladha zikahama. Mwezi wa saba au wa nane tamaa ya mafuta ilipungua, ikaja tamaa ya vitu vikali na vyenye kukwaruza: peasi mbichi zinazotoka Njombe, ndimu, na vigogo vya kabichi, ambavyo alivitafuna vikavu akiwa anakata mboga. Wanawake wa sokoni walimwona. Wakajadiliana, wakahitimisha kwamba Mama Elius, akiwa na miaka arobaini na sita, ana mimba. Wengine walimpongeza mumewe, fundi wa reli, ambaye alipokea pongezi hizo bila kuelewa na akanywesha watu ulanzi. Miezi ilipita, mtoto hakutoka. Ndipo ule ukarimu wa mwanzo ukageuka, kwa sababu mtu aliyekwisha kukisia vibaya hupenda kukisia tena.

Kosa jingine lilikuwa mizani. Zahanati haikuwa na mizani ya watu wazima, basi kila mwisho wa mwezi Dorika alikwenda kwa wanunuzi wa viazi, akapanda juu ya ile ya kupimia magunia.

"Mama Elius, unauzwa?" mpimaji alimuuliza safari moja.

"Pima, usiulize bei."

"Mia na nne na nusu. Umepungua kilo mbili tangu mwezi jana!"

Alisema kwa sauti ya soko, kama anavyosema uzito wa viazi, na wanunuzi kutoka Dar waliokuwa pale waliisikia. Wakati wa baridi, Juni hadi Agosti, makoti ya mitumba yalimsitiri Dorika. Makambako nzima huwa nene miezi hiyo. Novemba makoti yalivuliwa. Kilo themanini na tatu zilitokea hadharani, zikiwa na ngozi ya mashavuni ambayo bado haijapata habari.

Miaka ile kukonda kulikuwa na maana moja tu. Watu hawakulitamka jina la ugonjwa; walisema fulani amekanyaga waya. Na Dorika, kwa ushahidi wa soko, alikuwa amekonda, amebagua vyakula, ameosha sufuria zake mwenyewe, na sahani ya kwanza imekuwa kisosi. Isitoshe mumewe ni mtu wa reli, na reli inajulikana inafika wapi.

"Mama, mbona unakula kama unampa mtoto dawa?" aliuliza Msafiri, dereva wa Hassani, mtu wa maneno. "Kijiko kimoja, kingine unakifikiria."

"Nimeshiba harufu."

"Zamani harufu ilikuwa haikushibishi."

Wakacheka. Lakini Msafiri alikula nusu, akaagiza mayai mawili ya kuchemsha.

Kwa hiyo zilikuwapo shuku mbili, na hazikupatana. Ya kwanza ilisema Dorika mgonjwa. Ya pili ilisema Dorika mzima kabisa, ila ameanza kutia kitu kwenye chakula ndiyo maana hali. Watu wengi waliziamini zote mbili kwa pamoja, bila taabu. Upande wa pili wa barabara Ashura, mwanamke wa Tabora mwenye mikono minene, akaongeza benchi.

Dorika akaenda kwa Bwana Afya Yoeli na karatasi ya daktari mkononi.

"Niandikie barua, Bwana Yoeli. Sema mimi sina ugonjwa huo wanaousema. Nilipimwa Njombe."

Yoeli, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, alifikiri. "Mama Elius, serikali haiwezi kumwandikia mtu mmoja kwamba ni mzima. Kesho watakuja wote. Ila naweza kutoa elimu kwa umma."

Ndivyo tangazo lilivyozaliwa. Dorika alilibandika mwenyewe kwa uji wa ngano, ukutani juu ya meza iliyo karibu na mlango. Msafiri alilisoma kwa sauti hadi mwisho, mihuri yote miwili, kisha akawageukia wenzake.

"Kama mtu haumwi," alisema, "serikali inaingiliaje?"

Wiki hiyo meza mbili zilibaki tupu.

Wakati huo Dorika naye alikuwa na shuku yake, na ilikuwa inamwelekea Fidelia. Kilo zilikuwa zimefika themanini na kukataa kushuka zaidi. Miezi minne mpimaji wa viazi alitaja namba ileile hadi akachoka. Njaa ya zamani ikarudi, akaistahimili, ikaondoka. Ilipoondoka ilibeba vitu vingine. Chai isiyo na sukari ikawa na utamu wa maziwa. Maharage yalikuwa matamu kama viazi vitamu, mnavu ulikuwa na chumvi yake wenyewe. Na chakula cha mgahawani, chakula chake mwenyewe, kikawa hakilambiki. Kila alipochovya kijiko akadondoshea kiganjani na kulamba, kama alivyoonja maisha yake yote, alikuta chumvi imezidi na mafuta yanaganda kwenye meno.

Yeye alikuwa anapika kwa mkono uleule, moto uleule. Nani basi anaongeza chumvi? Alimtazama Fidelia, ambaye naye alikuwa anamtazama tangu siku ya sufuria. Akakumbuka kwamba dada wa Fidelia anaosha vyombo kwa Ashura. Kila kitu kikaeleweka. Alinunua kufuli, akafungia chumvi na mafuta kabatini, ufunguo akauning'iniza shingoni. Kuanzia hapo alipima mwenyewe, akaonja mwenyewe, akapunguza kila siku, na bado kiganja chake hakikuridhika.

"Mama, hii haijakolea," Fidelia alisema siku moja, kwa uangalifu.

"Imekolea. Wewe ulimi wako umezoea wapi?"

"Nimezoea hapa hapa, Mama."

Jibu hilo Dorika aliliona la kihuni.

Wateja nao walionja. Pilau lilikuwa jepesi, mchuzi ulikuwa wazi, unaona maua ya sahani. Wakaambizana kwamba Mama Elius sasa anapika chakula cha wodini, anajipikia yeye, nasi tunamsaidia kumaliza.

Siku ya Ijumaa moja ya mwezi wa Mei, baada ya swala, Hassani alikuja mwenyewe. Nyuma yake walikuwa madereva wanne na utingo wao. Hakukaa. Alisimama katikati ya mgahawa, kofia mkononi.

"Mama Elius, asalaam."

"Salama, Bwana Hassani. Mbona mmesimama kama mnadai?"

"Hatudai. Vijana wanataka kuhamia kwa Ashura. Mimi nimewaambia wasubiri, kwa sababu tumetoka mbali mimi na wewe. Nikawaambia, leo Mama atakula sahani ya kwanza. Ile ya zamani, si kisosi. Akimaliza, tunakaa, na maneno yamekwisha."

"Na nisipomaliza?"

"Basi yamekwisha vilevile."

Dorika alisikia kisu cha Fidelia kikisimama jikoni. Alifikiri habari ya mguu. Halafu akafikiri kwamba mguu wa siku moja haukatwi. Na chini ya fikra hizo, aibu kusema, palikuwa na furaha. Miaka miwili alikuwa ameikataa sahani hiyo, na sasa anaamriwa aile, mbele ya mashahidi, kwa manufaa ya biashara.

"Fidelia," aliita, "pakua. Ukoko juu. Upande wa kushoto."

Akakaa kwenye kiti chake cha zamani, ambacho sasa kilimzidi pande zote. Watu wakamzunguka wakiangalia koo. Akachukua tonge la kwanza, lenye ukoko, akalitia mdomoni, akangoja.

Hakuna kilichokuja. Ilikuja chumvi, kisha mafuta, utando kama wa mshumaa, kisha kitu kigumu kinachohitaji kutafunwa. Alilitafuna kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Tonge la pili lilikuwa kama la kwanza. La tatu alilisukuma kwa maji. Kwenye la nne koo lilifunga, na watu wote waliliona likifunga.

Akaisukuma sahani.

"Fidelia!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Hata leo? Hata leo umemwaga chumvi?"

Fidelia alitokea mlangoni mwa jikoni na kisu na karoti. "Mama, chumvi ya leo umepima mwenyewe. Ufunguo si uko shingoni?"

Wote wakautazama ufunguo. Ulikuwapo.

Hapo Hassani akafanya jambo ambalo hakulifikiria, na angelifikiria asingelifanya. Alichota kwa vidole kutoka sahani ya Dorika, akala. Akatafuna akitazama juu.

"Chumvi haipo," alisema.

"Imezidi," alisema Dorika.

"Mama, haipo kabisa. Msafiri, hebu."

Msafiri akala. "Haipo." Akala tena, kuhakikisha. Dereva wa tatu alisema ipo lakini iko mbali. Utingo mmoja alionja mara tatu na kukataa kutoa msimamo. Walipomaliza kubishana, sahani ilikuwa nyeupe, na hakuna aliyekumbuka kwamba dakika tano zilizopita walikuwa wanaiogopa.

Dorika alikuwa amekaa anakitazama kiganja chake, kile cha kuonjea.

"Miaka mingapi hujala hivi?" Hassani aliuliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Miwili. Daktari alinikataza. Sukari, Bwana Hassani. Ni sukari tu. Nilifikiri nitatamani hiki mpaka nife." Akaonyesha sahani. "Kumbe ulimi umeondoka bila kuniaga."

Hassani akavaa kofia. "Mimi dereva wangu akianza kutoona vizuri, simwachi kwenye usukani hata awe ndugu yangu. Lakini pia simfukuzi. Anakaa kushoto, anaelekeza njia." Akavuta benchi. "Sasa tutiliwe chumvi, tule."

Dorika akasimama, akaenda jikoni. Fidelia alikuwa amerudi kwenye karoti zake, anazikata ndogo kuliko inavyohitajika. Dorika aliutoa ufunguo shingoni, kamba ikanasa kwenye kilemba, ikachukua muda.

"Shika," alisema. "Kuanzia leo unaonja wewe."

"Na ukisema imezidi?"

"Nikisema imezidi, ujue imekolea."

Fidelia aliupokea ufunguo, akaufunga kwenye ncha ya kanga. Walikuwa hawajatazamana bila hesabu kwa mwaka mzima, na hawakutazamana hapo pia. Ila Fidelia alifagia vigogo vya kabichi kutoka kwenye ubao, akaviweka kwenye bakuli, akalisogeza upande wa Dorika.

Ilibaki sahani. Madereva walikuwa wamerudi, lakini dereva mpya hupatikana kila wiki, na huyo hana habari ya chumvi. Anataka kuona mtu anakula. Fidelia hakufaa, kwa kuwa ni mwembamba wa kuzaliwa, na hakuna anayeamini chakula cha mwembamba. Basi Dorika alituma ujumbe Njombe kwa mdogo wake Hyasinta, aliyekuwa akiishi mtaa wa Ramadhani, mwanamke wa mashavu na mwenye hamu nzuri. Hyasinta alikuja na sanduku moja. Kila siku saa sita na nusu alikaa kwenye kiti cha katikati, akala sahani kamili, ukoko juu, akajifuta mdomo, akasema, "Karibuni," kwa sauti nzuri kuliko ya dada yake. Ashura akaondoa lile benchi.

Dorika anakula saa tano, jikoni, sahani nusu, mboga kwanza, hakuna anayemwona. Ana kilo sabini na sita. Vidole vya mguu vimerudi. Anakwenda sokoni kwa miguu na kurudi na kapu, na wageni wakimwona akipita huuliza kwa sauti ya chini yule mama anaumwa nini. Wenyeji huwaonyesha Hyasinta, na wageni huridhika. Mwezi uliopita Hyasinta aliomba kiti kisicho na mikono. Dorika alimtazama kwa muda, kisha akamnunulia, na siku hiyohiyo akaitoa ile karatasi ya daktari ndani ya kitabu cha nyimbo na kuiweka juu ya kitanda cha mdogo wake.

Tangazo bado liko ukutani, limekuwa la njano, na mhuri wa pili tu ndio unaosomeka. Bwana Afya Yoeli huja kula hapo kila siku ya kazi. Hukaa kwenye meza iliyo karibu na mlango, chini ya tangazo lenyewe, akaagiza pilau, na pilau likiletwa huweka mkono juu ya kijiko, akamtazama Hyasinta mpaka amalize.